Kukata Mizizi ya Sakulenti: Somo la Mkonge Katika Nchi ya Kahawa

Ukitoka Nairobi kwa barabara kuu ya Thika, vitalu vya miche vinakusindikiza ukingoni kupitia Ruiru na Juja hadi unapoingia Thika mjini. Vingi vilijengewa jina na miche ya miti: mgrevilea, mparachichi, mmakadamia, na kayaba ya kuzungushia boma. Siku hizi mbele kabisa, pale macho ya mpita njia yanapoangukia kwanza, hupangwa sakulenti: shubiri za kila namna, ekeveria, sansevieria, kaktasi wadogo, na waridi la jangwani lenye shina lililovimba chini. Sababu haijifichi. Sensa ya 2019 iliukuta mji wa Ruiru ukiwa na karibu watu nusu milioni, na wengi wanaishi katika nyumba za ghorofa za kupanga. Mashamba ya mibuni yaliyouzunguka mji yamegawanywa viwanja. Hata mji mpya wa Tatu City umejengwa juu ya ardhi iliyokuwa mashamba makubwa ya kahawa. Mtu asiye na shamba hupanda kwenye mkebe au ndoo iliyotoboka, na mmea unaoyavumilia maisha ya mkebeni, pamoja na wiki mbili mwenyewe akiwa ushago, ni sakulenti.

Ila miche hii hufa sana, na hufa wakati mmoja unaojulikana: wiki chache baada ya kuhamishwa kutoka tyubu ya kitalu kwenda chungu cha nyumbani. Hapo ndipo watu hugawanyika. Wapo wanaoshikilia kwamba mizizi ya mche haiguswi. Tyubu ichanwe taratibu na donge la udongo liingie chunguni zima. Wengine, hasa waliojifunza kwa video za wakulima wa Thailand na Marekani, huosha mizizi yote, huikata nusu, na hujivunia kuikata. Kila upande una ushahidi wa miche iliyopona na miche iliyooza.

Nionavyo mimi, mabishano haya yamekwama kwenye kisu, na kisu hakina hatia kubwa. Kinachoua miche mingi ni maji yanayomwagwa siku ile ile mizizi ilipojeruhiwa, iwe ilikatwa kwa makusudi au ilikatika yenyewe tyubu ilipovutwa. Na desturi ya kumwagilia papo hapo tuliipata kwenye zao lililoilea nchi hii ya Kiambu na Murang'a, yaani kahawa.

Ili kulielewa jambo lenyewe, lazima tuangalie mmea unavyoishi kwao. Sakulenti nyingi zimetoka mahali ambapo mvua hunyesha siku chache kisha jua likatawala kwa miezi. Katika miezi hiyo, ile mizizi myembamba inayofyonza maji hukauka na kufa. Mmea huiacha ife, kwa sababu mzizi mwembamba ulio hai ndani ya udongo mkavu unaweza kuvujisha maji ya mmea kurudi udongoni. Mizizi minene hubaki, ikiwa imejifunika gamba lisilopitisha maji. Mvua inaporudi, mizizi mipya hutoka kwa kasi ya kushangaza. Park Nobel wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyechunguza kwa miaka mingi mmea wa jamii ya mkonge unaomea majangwa ya huko, alionyesha kwamba mizizi hiyo ya mvua huanza kuchomoza saa chache tu baada ya udongo kulowa. Juu ya hayo, sakulenti nyingi hufunga vinyweleo vya majani mchana na kuvifungua usiku, hivyo maji yanayopotea hewani ni kidogo mno.

Mmea wa namna hiyo umezaliwa unajua kupoteza mizizi. Kuikata ni kuufanyia kwa dakika moja jambo ambalo kiangazi hulifanya kwa miezi mitatu. Tofauti iko kwenye jeraha. Mzizi unaokufa kwa ukame hujifunga kabla haujaachana na mmea. Mzizi uliokatwa hubaki na mdomo wazi. Ukiachwa mahali pakavu penye hewa, seli za juu ya jeraha hukauka na chini yake hutanda suberini, dutu ile ile iliyo kwenye ganda la kiazi. Kazi hiyo huchukua siku tatu hadi saba, kulingana na unene wa mzizi na joto la siku. Ukitiwa kwenye udongo wenye maji kabla ya hapo, kuvu na bakteria waliojaa humo huingia kwenye tishu laini iliyojaa maji, na huko hawana kizuizi. Mwenye mmea huona majani yamelegea, akadhani ni kiu, akaongeza maji.

Sasa tazama mikono iliyowafundisha watu wa huku kazi ya kitalu. Ruiru ndiko iliko taasisi ya utafiti wa kahawa ya Kenya, na jina la mji huu limezunguka dunia kupitia aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985. Mche wa kahawa una mzizi mkuu mmoja unaoshuka moja kwa moja, na ukipinda kwenye tyubu, mbuni utadhoofika miaka mingi baadaye ukiwa shambani. Kwa hiyo mtu wa kitalu cha kahawa hukagua mzizi mkuu, huupunguza ncha ukiwa mrefu mno usije ukapinda, halafu huupanda mche papo hapo kwenye udongo wenye unyevu, huweka kivuli, na humwagilia. Asipofanya hivyo mche unanyauka siku hiyo hiyo. Vitalu vya miti navyo vina desturi ya jirani: tyubu huinuliwa kila baada ya wiki kadhaa na mizizi iliyotokeza chini hukatwa, kisha maji hufuata. Ni desturi sahihi kabisa kwa mbuni na kwa mgrevilea. Tatizo ni kwamba mkono huo huo ndio unaoshika sakulenti.

Na hapa ndipo historia ya Thika inaponigusa, kwa sababu somo la pili lilikuwapo hapa hapa na likasahaulika. Mkonge ulifikishwa Tanga na Richard Hindorf mwaka 1893, na mwanzoni mwa karne ya 20 ulikuwa tayari umepanda nyanda za juu za Kenya. Shamba la Punda Milia huko Makuyu, kaskazini ya Thika, lilikuwa miongoni mwa mashamba ya kwanza. Thika yenyewe ilikuwa na kituo cha utafiti wa mkonge wa nyanda za juu. Mkonge ni ndugu wa baadhi ya sakulenti zinazouzwa leo kando ya barabara, na miche yake hulelewa kwa namna ambayo ingemshtua mtu wa kahawa. Vichipukizi vinavyoota juu ya mlingoti wa maua hukusanywa na kupandwa kitaluni mwaka mmoja au zaidi. Siku ya kuvipeleka shambani vinang'olewa, majani ya chini yanaondolewa, na mizizi inakatwa kwa panga hadi kubaki vishina vifupi tu. Miche iliyokatwa hivyo huweza kukaa nje ya udongo wiki kadhaa bila kufa. Ikipandwa, inatoa mizizi mipya kutoka kwenye kitako chake, na ile ya zamani haina kazi tena.

Nanasi, ambalo limefunika sehemu kubwa ya ardhi ya Thika, huenda njia hiyo hiyo. Kichwa cha nanasi na machipukizi yake huachwa siku kadhaa yakauke mahali yalipokatwa kabla ya kupandwa. Mfanyakazi wa shamba la mananasi anayenunua shubiri jioni akaipanda na kuimwagilia hadi maji yatoke chini ya chungu, amelitenda jambo ambalo asubuhi yake asingelitendea nanasi.

Kahawa na mkonge, basi, zote mbili hukatwa mizizi. Kinachozitenganisha ni saa na siku zinazofuata. Nasema sakulenti ishikwe kwa mkono wa mkonge.

Tuuone mche mmoja kwa karibu. Chukua waridi la jangwani lililooteshwa kwa mbegu, la miezi minane hivi, shina lake la chini limefikia unene wa kidole gumba. Liache bila maji siku nne au tano ili udongo uachie wenyewe. Chana tyubu kwa wembe kutoka juu hadi chini, uibandue. Usivute mche kwa shingo. Jambo la kwanza utakaloliona ni kitako cha tyubu: mizizi imefika chini, ikakosa njia, ikazunguka na kuzunguka hadi ikafuma mkeka. Vunja udongo kwa vidole, kisha tikisa. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya maziwa, na ukiuminya ni mgumu. Mzizi uliooza ni wa kahawia, na ukiuvuta kidogo gamba lote linateleza na kubaki uzi mwembamba katikati. Ukiona vumbi jeupe la pamba kwenye vifundo vya mizizi, hao ni vidung'ata wa mizizi, wadudu wanaofyonza utomvu. Hapo huna budi kuosha mizizi yote na kuutupa udongo huo mbali na vyungu vingine.

Sasa kisu. Wembe mpya au makasi yaliyopanguswa kwa spiriti. Mizizi iliyooza huondolewa hadi mahali ambapo kidonda ni cheupe chote. Mkeka wa chini hukatwa wote. Kisha mzizi mkuu: kwenye waridi la jangwani mtu anayetaka kitako kipana huukata kwa theluthi moja au nusu, na mizizi ya pembeni, iliyokuwa imenyimwa nguvu, hunenepa na kutambaa. Hilo ni suala la umbo. Mche usiokatwa mzizi mkuu hauna ubaya wowote, utakuwa mrefu tu na mwembamba. Baada ya hapo mche huwekwa juu ya gazeti mahali pakavu penye kivuli, siku tano hivi. Wapo wanaopaka majivu au unga wa makaa kwenye vidonda. Husaidia kukausha, lakini hewa peke yake inatosha. Kisha mche unapandwa kwenye mchanganyiko mkavu, sehemu kidogo ya kitako ikiachwa juu ya udongo, na maji ya kwanza yanangoja wiki nzima. Majani yatalegea, mengine yatakuwa manjano na kudondoka. Mche hauna shida. Ndani ya shina lile mna maji ya kutosha kuufikisha.

Osha mikono. Utomvu wa waridi la jangwani una sumu ya moyo, na makabila kadhaa ya Afrika Mashariki yameupaka kwenye mishale. Ule mweupe wa jamii ya mnyaa huunguza macho vibaya, na ndio unaoleta ajali nyingi zaidi kwa sababu huruka pale unapokata.

Si kila sakulenti inastahili kisu, na hapa waliojifunza kwa video huharibu mengi. Shubiri zina mizizi minene yenye akiba, na mche wake mdogo ukipunguzwa mizizi hiyo unapoteza chakula ulichojiwekea. Ondoa iliyooza na ile iliyokauka kabisa, basi. Havothia, jamaa wa shubiri kutoka Afrika Kusini anayeuzwa sana kwa watu wa balkoni, hutupa mizizi minene yenyewe na kuotesha mingine, hivyo kazi yako ni kufagia iliyokufa. Ekeveria ina mizizi myembamba inayorudi haraka, ikate upendavyo. Sansevieria ina shina la chini kwa chini ambalo likijaa hupasua chungu cha plastiki. Huko unachogawa ni shina hilo, na kila kipande kinangoja kikauke kabla ya kupandwa. Mimea ya jamii ya mnyaa yenye mzizi mkuu ulionenepa ndiyo ya kuogopa zaidi, kwa kuwa ikikatwa kwenye mzizi huo hutoka utomvu mwingi na kidonda huchelewa kufunga. Mimi ningeikata tu pale uozo unapolazimisha. Na mche wa aina yoyote ambao haujafikisha majani manne au sita, uhamishe ulivyo. Hauna akiba ya kulipia jeraha.

Udongo ni habari nyingine ndefu. Udongo mwekundu wa Thika na Ruiru ya juu ni mmoja wa bora nchini: una kina, una punje zilizoshikamana vizuri, na ukiwa ardhini hupitisha maji bila matatizo. Kwa sababu hiyo watu huuamini. Lakini ukichimbwa, ukachekechwa, ukashindiliwa kwenye tyubu na kumwagiliwa kila siku, zile punje huvunjika na mfinyanzi hujifunga. Kina cha mita kadhaa kilichokuwa kikiyavuta maji chini hakipo tena, kuna inchi sita za tyubu. Upande wa Juja na Ruiru ya chini kuna udongo mweusi wa pamba, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Huo usiingie chunguni hata kidogo. Mche ulionunuliwa ukiwa kwenye udongo mwekundu mtupu ni lazima uhamishwe, na udongo huo uondolewe kwenye mizizi. Ukiuacha donge lake katikati ya mchanganyiko mwepesi, donge litabaki na maji siku nyingi baada ya pembeni kukauka, na mizizi yote iko ndani ya donge.

Mchanganyiko mzuri unapatikana bila kwenda mbali. Mawe mepesi ya volkano kutoka upande wa Naivasha na Longonot, yale yale ambayo mashamba ya maua hutumia kuoteshea waridi bila udongo, ndiyo bora. Hushika unyevu kidogo ndani ya vitundu vyake na kuacha hewa katikati. Asiyeyapata atumie kokoto ndogo za machimbo ya mawe, zikiwa zimeoshwa vumbi, pamoja na mchanga wa mtoni ulio mkubwa. Theluthi mbili ziwe mawe na mchanga, theluthi moja udongo na samadi iliyooza sawasawa. Makapi ya mpunga kutoka Mwea yaliyochomwa yakawa meusi hufanya kazi vizuri pia. Yale mabichi huoza na kujifunga baada ya muda.

Kuna imani moja ningependa iachwe, ile ya kutandaza kokoto chini ya chungu kisha kujaza udongo mzito juu yake, ati maji yatateremka. Hayateremki. Maji yaliyo kwenye udongo laini hayaingii kwenye nafasi kubwa za kokoto mpaka udongo wa juu yake umeshiba kabisa, kwa hiyo tabaka la matope linapanda juu, karibu zaidi na mizizi. Kokoto hizo zichanganywe na udongo wote, na chungu kitobolewe vizuri. Ukubwa wa chungu uzidi mizizi kwa upana wa kidole tu kila upande. Chungu kikubwa kwa mche mdogo ni hifadhi ya maji yasiyo na wa kuyanywa.

Majira nayo huku yana uzito ambao video za Thailand haziwezi kumwambia mtu. Tuko karibu na mita 1,500 juu ya bahari. Mvua ndefu huja Machi hadi Mei, za vuli Oktoba hadi Desemba, na kati yake kuna Juni, Julai na Agosti: mawingu kutwa, manyunyu ya asubuhi, usiku wenye baridi. Katika miezi hiyo waridi la jangwani hulala, majani hudondoka, mizizi haioti. Kidonda kilichokatwa Julai kinaweza kukaa wiki mbili bila kufunga. Nafasi nzuri ni mbili, Januari hadi Februari, na tena Septemba kabla mvua hazijaanza. Joto lipo, hewa ni kavu, na mche una wiki kadhaa za kukua mbele yake. Wauza miche wanalijua soko lao, na soko halifuati kalenda hiyo. Wengi wamekaa kwenye hifadhi ya barabara ambayo si yao, wanaweza kuambiwa waondoke wakati wowote, kwa hiyo kila kitu kiko kwenye tyubu nyepesi ya kubebeka, na mche hukaa humo mpaka apatikane mnunuzi, hata kama mizizi iliisha nafasi mwaka uliopita. Siwalaumu. Lakini mnunuzi ana haki ya kuomba aone chini ya tyubu kabla ya kutoa pesa.

Ana haki pia ya kuuliza mmea umetoka wapi. Waridi la jangwani ni mmea wa kwetu, wa pwani na nchi kame, na Kenya ina takriban aina 60 za shubiri, nyingine zikiwa hazipatikani popote pengine. Profesa Len Newton, aliyefundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Kenyatta kando ya barabara hii hii, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuzitambua na kuzipa majina shubiri na sansevieria za Afrika Mashariki. Rais Moi alipiga marufuku uvunaji wa shubiri za porini mwaka 1986, na kanuni za mwaka 2007 zikaweka utaratibu wa leseni. Mmea uliong'olewa porini hutambulika kwenye mizizi: mizizi minene imekatwa kwa jembe bila mpangilio, shina lina makovu ya miaka, na hakuna mzizi mwembamba hata mmoja uliozoea chungu. Mche wa mbegu una mizizi mingi midogo iliyojaa pande zote. Mimi singeununua ule wa kwanza hata ukiuzwa kwa bei ya kutupa, na huo mara nyingi hufa hata hivyo.

Basi aliyenunua mche mwezi wa Juni auache kwenye tyubu yake, chini ya ukingo wa paa ambako manyunyu hayafiki, na aupe maji kidogo mara moja kwa mwezi hadi Septemba. Isipokuwa kitako kikiwa laini kinapominywa. Hapo majira hayangojwi. Mche utolewe siku hiyo, ukatwe kuanzia chini kwenda juu, kipande kwa kipande, wembe ukipanguswa kila mara, hadi kidonda kiwe cheupe bila doa la kahawia hata moja, na kama ni lazima kitako chote kiende, kiende. Kilichobaki kining'inizwe kwa uzi jikoni, mahali penye joto na hewa, wiki mbili au tatu, mpaka kidonda kiwe kigumu kama kucha. Kisha kisimamishwe kwenye mawe makavu ya volkano, bila udongo na bila maji, mpaka jani jipya lichomoze.